Nafasi Moja kwa Kila Nyumba

Siku ya usaili Mkubwa alivaa suti yake ya harusini, ile ya kijivu ambayo Wazanzibari wote wa Birmingham waliijua, kwa sababu kwa miaka kumi hapakufungwa harusi yao mjini humo bila ya yeye kushika maikrofoni. Shemsa, mkewe, alivaa koti lake la mvua la kila siku. Yeye hakuja kutafuta kazi ya kuigiza. Alikuja kwa sababu barua ya ofisi ya kazi ilikuwa na majina mawili, na aliyeitwa asipokwenda hukatwa posho.

Ulikuwa mwaka 2009, viwanda vinafunga milango kimoja baada ya chengine, na serikali ilikuwa imetoa fedha ili watu waliokaa sana bila ya kazi waajiriwe miezi sita, hata kama kazi yenyewe si ya kukaza nati. Wengine walipelekwa kufyeka bustani, wengine kupaka rangi skuli. Hawa walioitwa kwenye ukumbi wa Balsall Heath walitakiwa watunge mchezo wa kuigiza, kwa mshahara wa chini kabisa unaoruhusiwa na sheria, kisha watu waalikwe kuutazama bure.

"Serikali inalipa watu wacheze?" Mkubwa alimuuliza mshauri wa kazi mara mbili. Alipohakikishiwa, aliiona kazi hiyo imeandikwa jina lake. Ujanani, Unguja, aliwahi kuigiza michezo ya redioni, na hilo alilitaja kila alipopata upenyo na hata pale alipoukosa.

Mkuu wa mchezo alikuwa Raksha, mwanamke wa mtaa ule ule, miwani yake ikining'inia kifuani kwa uzi. Aliwaeleza watu ishirini waliokuwa wakisubiri kwenye ujia kwamba nafasi ni moja kwa kila nyumba, ili riziki ienee. Mume na mke wakija pamoja, mmoja atarudi alivyokuja. Mkubwa akamgeukia mkewe kwa huruma.

"Usivunjike moyo," alimwambia.

"Sivunjiki," alisema Shemsa.

Waliingia mmoja mmoja. Kila mtu alipewa dakika tatu kuonyesha siku moja ya kazi, yake au ya mtu mwengine, kwa lugha yoyote. Mkubwa alisimulia namna alivyomkabili tajiri wa kiwanda cha Tyseley, alikokuwa akikereza vyuma, siku waliyoambiwa wote wasirudi tena. Sauti yake iligonga dari ikarudi. Yalikuwa maneno mazuri sana, na hakuna hata moja alilolisema siku hiyo. Siku hiyo alikuwa ametia saini alipoonyeshwa, akauliza atoke mlango gani.

Shemsa alipoingia hakusema neno. Alikaa kitini akaanza kuvua viatu, na namna alivyovivua ilimfanya Raksha anyanyue miwani yake na kuivaa.

Barua ilikuja baada ya wiki moja. Mkubwa ndiye aliyeifungua, akaisoma amesimama mlangoni, akaisoma tena kuona kama majina hayakubadilishana. Kisha akaiweka mezani mbele ya mkewe, ameikunja vilevile ilivyokuja.

"Wamekosea," alisema. "Lakini nenda. Mimi nimeruhusu."

*

Hilo la kuruhusu alilitembeza mjini. Alilisema dukani, alilisema msikitini, akalisema kwenye mkahawa mmoja wa Balsall Heath kwa Kulwant, Singasinga mnene aliyekuwa akisimama mashine ya pili kutoka kwake kiwandani.

"Wife anafanya theatre," alisema. "I allowed it."

Kulwant alikoroga chai yake. "I thought you were the actor," alisema, bila ya ubaya wowote, na Mkubwa hakuimaliza sambusa iliyokuwa mbele yake.

Nyumbani, Hodge Hill, aliamua kumfundisha. Shemsa anamenya viazi, yeye kasimama katikati ya jiko na mkono kifuani.

"Sauti itoke tumboni, si kooni. Sema: Enyi watu."

"Hatusemi sana, Baba Aida."

"Mchezo gani usiosemwa? Mwafanya nini huko mchana kutwa?"

"Twatazama watu. Mtu anavyokaa, anavyoinuka."

"Na kwa hilo mnalipwa?"

Aida, binti yao wa miaka kumi na tano, alikuwa anatafuta maziwa kwenye friji. "Dad, she's actually really good," alisema. "Raksha told me."

"Kakuuliza nani?"

Aida akaondoka na maziwa yake. Mkubwa akabaki na mkono wake kifuani, na mkewe akaendelea na viazi, na alichokiona mumewe ni kwamba hata kumenya kwake kulikuwa kumebadilika. Alikuwa akimenya kama mtu anayetazamwa na kuridhika nako.

Basi tuseme ukweli, maana Mkubwa mwenyewe hakuusema. Wivu wa mume kwa mkewe una heshima yake. Mtu ataulizwa, atahurumiwa, wazee watakaa kitako kwa ajili yake. Lakini kijicho cha mume kwa mkewe, kumwonea choyo kwa kitu alichojaaliwa, hicho mtu hakipeleki popote. Hukaa nacho ndani kama jino bovu. Mkubwa alikuwa na kijicho. Kila asubuhi Shemsa alipofunga mtandio wake na kutoka, kilimuuma kwanza pale, na kilimuuma tena jioni anaporudi na uchovu wa mtu aliyeshinda mahali anapotakiwa. Na kwa kuwa hicho hakisemeki, akaanza kutafuta wivu.

*

Wa kumwonea wivu alimpata: Ignace. Alikuwa Mkongo wa Bukavu, mrefu, mwalimu huko kwao na mpakiaji mizigo hapa mpaka ghala lilipofungwa. Naye alikuwa kwenye mchezo, na kwa kuwa alikaa mtaa wa tatu kutoka kwa kina Mkubwa, jioni alikuwa akimrudisha Shemsa kwa gari lake.

"Bonsoir, Papa Aida," alisema kila siku, akishuka kumfungulia Shemsa mlango. "Habari ya nyumba?"

"Nyumba ipo," alijibu Mkubwa.

Hata kufungua mlango wa gari kulimkera. Yeye mwenyewe hakuwahi kumfungulia mkewe mlango wa kitu chochote, na sasa ilionekana kama ni deni.

Jioni moja, mwanzo wa mwezi wa kumi na mbili, alichungulia dirishani akamwona Ignace akiupokea mfuko wa plastiki kutoka kwa Shemsa na kuurudisha nyuma ya gari. Mfuko wenyewe aliujua. Ulikuwa wa njano, wa supamaketi, umefungwa fundo juu ya fundo, vilevile alivyoufunga yeye mwenyewe. Akapanda ghorofani, akasimama juu ya kitanda, akapapasa juu ya kabati mpaka ukutani. Hapakuwa na kitu ila vumbi.

Ndani ya mfuko ule mlikuwa na buti zake za kazi, namba tisa, zenye chuma vidoleni. Hakuziweka pale kwa sababu zina thamani. Aliziweka kwa sababu zilikuwa na siri. Alipoachishwa kazi, mwezi wa kwanza, hakumwambia mtu. Kwa wiki tatu alizivaa buti zile kila alfajiri, akachukua chakula alichofungiwa na mkewe, akaenda kukaa kwenye benchi la stesheni ya Tyseley mpaka saa ya kurudi. Wiki ya nne akasema ameachishwa leo. Hayo aliyajua yeye na Mungu wake, na sasa buti zenyewe zilikuwa zimo ndani ya gari la Mkongo mwenye miguu mirefu.

Hapo Mkubwa alikaa kitandani, na mtu angelidhani ameumia. Ukweli ni kwamba alihisi nafuu. Ukisema mwanamume mwengine amevaa buti zako, hakuna Mswahili atakayekutaka ushahidi zaidi.

*

Alimwita Azizi, kaka mkubwa wa Shemsa, mwenye duka la mchele na kadi za simu. Walikaa Jumapili baada ya sala ya adhuhuri, chai na kaimati mezani. Mkubwa aliieleza kesi yake kama anavyotambulisha bwana harusi, kwa vituo na kwa mikono.

"Sina neno na kazi," alimalizia. "Mimi ndiye niliyeruhusu. Lakini nguo za mume zikitoka nyumbani kwenda kwa mwanamume mwengine, shemegi, hapo mimi nakaa kama nani?"

Azizi alimgeukia dada yake. "Shemsa, buti umezichukua?"

"Nimezichukua."

"Ziko wapi?"

"Ziko kazini."

"Anazivaa nani?"

Shemsa aliwaongezea chai. Hakuwa na hofu. Alikuwa na haya. Kitu kile alichokionyesha mbele ya Raksha kwa dakika tatu kilikuwa kimekua mpaka kimekuwa mchezo mzima, na hakujua namna ya kukisema kwa mdomo mbele ya mwenyewe. Kukionyesha alikuwa anajua. Kukisema kulimshinda.

"Zinavaliwa kwenye mchezo," alisema.

"Na nani?"

"Nikisema hamtaamini. Njooni mtazame."

"Lisemwalo lipo," alisema Azizi, naye hakupenda kulisema, maana alikuwa anampenda dada yake. "Watu wanakuona ndani ya gari la mtu, Shemsa. Bora uache."

"Nikiacha kazi kwa hiari yangu posho inakatwa, kaka. Miezi, si siku. Tutakuwa hatuna mshahara na hatuna posho. Baba Aida ameomba kazi mahala arubaini, hajajibiwa hata matusi. Hiyo kodi ya nyumba utaitoa wewe?"

Azizi alitazama kaimati. Duka lake lenyewe lilikuwa linauza mchele kwa kilo mbilimbili, na wengine kwa mkopo.

"Jumamosi ndiyo mnaonyesha?" aliuliza.

"Saa tisa alasiri."

"Basi tutakwenda sote. Nikiona kitu cha kukuvunjia heshima wewe au mumeo, utaacha siku hiyo hiyo, na Mungu atafungua mlango mwengine. Nisipoona, maneno haya yafe hapa. Mmekubali?"

"Nimekubali," alisema Mkubwa kwa haraka.

Shemsa alichelewa kidogo. "Nimekubali," alisema, akaanza kukusanya vikombe.

*

Mchezo ulionyeshwa Tyseley, ndani ya karakana tupu nyuma ya bohari la treni. Sakafuni bado mlikuwa na matundu ya bolti palipokuwa na mashine, na Mkubwa, aliyeingia na koti lake mpaka shingoni, aliyahesabu bila ya kutaka. Watu walikuwa wengi kuliko alivyotarajia. Kulwant alikuwepo safu ya mbele yake, amekuja na wenziwe wa kiwandani, maana vikaratasi vya mwaliko vilikuwa vimegawiwa mtaa mzima.

Raksha alisimama akaeleza utaratibu. Kila mtu atasema lugha ya nyumbani kwake, na Kiingereza chake kitaonekana ukutani. Na wanawake watacheza wanaume, wanaume watacheza wanawake, ili kila mmoja akae kidogo upande wa pili wa meza. Mkubwa hakusikiliza. Alikuwa anamtafuta Ignace.

Akaingia mwanamume mdogo, ovaroli la buluu, kofia, buti.

Mkubwa alizijua buti kwanza. Kisha akaujua mwendo, mguu wa kushoto ukisita kidogo, mguu ule aliowahi kuangushiwa chuma. Kisha namna ya kuvuta pumzi puani kabla ya kukaa. Uso ndio aliouona mwisho.

"Subhanallah," alinong'ona Azizi. "Si Shemsa yule?"

Kabla Mkubwa hajajibu, akaingia mke wa yule mwanamume. Alikuwa mrefu, amevaa dera na mtandio, kibakuli cha chakula mkononi, akitembea kwa adabu kubwa ili asikanyage pindo. Alikuwa ni Ignace.

Azizi alijifunika mdomo kwa kiganja. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. "Shemegi," alisema alipoweza, "huyu ndiye mwizi wa mke?"

Ukumbi ulicheka kwa Ignace, kisha ukaacha. Kwa sababu yule mwanamume mdogo alipokea kibakuli, akatoka, akakaa kwenye benchi, na hakufanya kitu. Treni zilisikika nje, za kweli, bohari likiwa linaendelea na kazi zake. Alitazama saa. Akatazama saa tena. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu, kabla ya kuingia nyumbani, alichutama mbele ya baiskeli ya mtoto, akapitisha vidole viwili kwenye mnyororo, akajipaka grisi kwenye kucha na kwenye mistari ya viganja, taratibu, kama bibi harusi anayepakwa hina. Watu wakacheka sana. Kulwant alipiga paja.

Mkubwa alijitazama kucha. Hilo la baiskeli ya Aida hakuna aliyelijua. Hakuna.

Ignace aligeukia watu, kibakuli kitupu mkononi.

"Nilijua tangu siku ya kwanza," alisema kwa Kiswahili cha kwao. "Mikono yake ilirudia safi. Mwanaume wa mashini harudie na mikono safi. Siku ya tatu akaanza kujipakala mafuta ya kinga, baiskeli ya mutoto. Ile mafuta iko na harufu yake, bibi anaijua. Mi nikanyamaza. Nikaongeza nyama mu chakula."

Hakuna aliyecheka tena. Watu waliinama mbele kwenye viti vyao, wazungu, Wahindi, Wasomali, wote wanamtazama yule mtu mdogo kwenye benchi, na Mkubwa akaona aibu ikimpanda kutoka miguuni. Lakini aibu haikufika kichwani. Njiani ilipitwa na kitu chengine. Miaka kumi ya maikrofoni, harusi na harusi, watu wakila, wakipiga soga, watoto wakikimbia, yeye akiwaomba wanyamaze. Na hawa walikuwa wamemnyamazia Shemsa, ambaye hakuwaomba. Wamemnyamazia kwa mambo yake yeye, kwa benchi lake, kwa mguu wake uliosita. Walichukua maisha yake wakampa mwengine alipwe.

Yule mtu mdogo akafungua kibakuli akala chakula chote kwa hamu, akajilamba vidole.

"Uongo," alisema Mkubwa, kwa sauti.

Azizi alimgeukia. "Nini uongo?"

"Hapo. Hapo sivyo ilivyokuwa."

Alikuwa ameshasema. Azizi alimtazama kwa muda mrefu, kisha akatazama buti kule mbele, kisha akaweka mkono wake juu ya goti la shemegi yake na kuuacha hapo mpaka mwisho.

Nje, watu wakipeana mikono, Azizi alitoa hukumu yake kwa maneno machache. "Sikuona la kuvunja heshima," alisema. "Kazi ni ya halali. Maneno yale yafe." Basi wivu wa Mkubwa ukafa siku hiyo, umekosa pa kushika. Kijicho kilibaki.

*

Asubuhi yake walikuwa jikoni wawili, Aida bado amelala.

"Ulijua," alisema Mkubwa.

"Siri ya mtungi aijuaye kata."

"Na usiseme?"

"Ningesema, asubuhi ungekwenda wapi?"

Shemsa aliweka chini kisu. "Kuitoa nje ndiko nilikokosa," alisema. "Walisema nionyeshe siku ya kazi ya mtu, na mimi mtu ninayemjua ni wewe. Niwie radhi kwa hilo, Baba Aida."

Mkubwa aliipokea radhi kwa kichwa. Haikuwa hiyo iliyokuwa ikimkera.

"Lakini umekosea," alisema. "Yule mtu wako anakula."

"Kibakuli ulikirudisha kitupu kila siku."

"Sikula hata siku moja."

"Ukakifanyaje?"

Alianza kumweleza, na maneno yakamkatalia. Hii ilikuwa mara ya kwanza. Basi akavuta kiti, akakaa kama alivyokaa Tyseley, akachukua kibakuli kilichokuwa juu ya sinki. Akafungua mfuniko kidogo. Harufu ikampata, akaufunga. Akakiweka juu ya mapaja, viganja juu yake, mpaka joto likaisha. Kisha akamimina chakula kidogo kidogo pembeni, kwa njiwa, akitazama kama kuna anayemwona. Akakiosha bombani. Akakifuta kwa leso. Na alipofika mlangoni, kabla ya kubisha, alijishika tumbo akajivuta mgongo, kama mtu aliyeshiba.

Shemsa alitazama. Kwanza alitazama kama mke, na machozi yakamjia. Kisha yakakauka.

"Rudia pale pa mfuniko," alisema.

Akarudia.

"Vidole vinabaki juu au vinateremka?"

"Vinabaki juu. Kuna baridi."

"Na leso umeitoa mfuko gani?"

Alimwonyesha. Alikuwa na furaha ambayo hakuijua tangu kiwanda kifungwe, na ilimchukua muda kufahamu kwa nini mkewe anasogeza vidole vyake mezani.

"Unaichukua," alisema.

"Naichukua."

"Ni yangu hiyo, Shemsa."

"Najua," alisema Shemsa, akakichukua kibakuli mikononi mwake. "Lakini nafasi ni moja kwa kila nyumba."

*

Jumamosi ya pili Mkubwa alifika mapema, akakaa safu ya mbele, ndani ya suti ya kijivu. Kulwant alimwona akaja kukaa karibu naye. Alisema amerudi tena kwa sababu hajalala vizuri tangu wiki iliyopita.

Mchezo ukapita mpaka kwenye benchi. Mtu mdogo akafungua mfuniko, akaufunga. Akakaa na viganja juu ya kibakuli, na ukumbi ukakaa naye. Treni ikapita. Midomo ya Mkubwa ilikuwa inacheza peke yake: sasa njiwa, sasa bomba, sasa leso. Mtu mdogo alipofika mlangoni, akajishika tumbo kwa shibe, Kulwant alitoa sauti ya ajabu na kujifuta ndevu kwa mkono wa koti.

Makofi yalikuwa marefu. Watu walisimama. Shemsa alikuwa amesimama mbele yao ndani ya buti namba tisa, amevua kofia, na alianza, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, kunyanyua uso wake kupokea kitu.

"Who is that bloke?" alisema Kulwant, bado anapiga makofi. "I swear I know him."

Angenyamaza, pasingekuwa na mtu wa kumjua. Heshima yake ingetoka mlangoni nzima kama ilivyoingia. Lakini makofi yalikuwa yanampita juu ya kichwa kwenda kwa mwengine, na Mkubwa hakuumbwa kuvumilia hilo. Akasimama, akatoa sauti yake ya harusini, ile ya kutoka tumboni.

"That man is me!"

Makofi yakakatika. Watu wakageuka.

"Ni mimi," alisema tena, na sasa sauti haikuwa ya harusini. "Three weeks. Tyseley station. Nilikuwa nawapa njiwa chakula cha mke wangu. I could not eat it."

Kulwant alimtazama. Kisha yule mtu mnene akamkumbatia, suti na yote, akasema yeye zilikuwa wiki sita, alikuwa akikaa ndani ya gari nyuma ya supamaketi, na mkewe hajui mpaka leo. Mwanamume mwengine akaja kushika mkono, kisha mwengine. Makofi yakaanza upya, makubwa kuliko yale ya mwanzo. Raksha mwenyewe alikuwa anapiga, miwani ikirukaruka kifuani.

Wote walikuwa wamempa Shemsa mgongo. Alibaki amesimama na kofia mkononi, uso wake bado umenyanyuka nusu. Alimwona mumewe katikati ya watu akicheka na kulia, ilimpasa afurahi, na upande mmoja wa moyo wake ulifurahi kweli. Upande wa pili kitu kilimchoma. Alikijua mara moja ni kitu gani. Alikuwa ameishi nacho nyumba moja kwa miezi miwili.

Ignace aliwarudisha Hodge Hill, wanja bado uko kwenye jicho lake moja. Mkubwa alikaa mbele na hakunyamaza tangu Tyseley. Alisimulia alivyosimama, walivyogeuka, alivyosema Kulwant. Aliuliza kama Jumamosi ijayo aje na suti ile ile au avae ya kawaida, na kama ingefaa asimame mapema kidogo, kabla makofi hayajapoa.

"Aah, Papa Aida," alisema Ignace, macho barabarani, "ile ni ya kuuliza Maman Aida."

Shemsa alikuwa nyuma, mfuko wa njano juu ya mapaja. Alifunga fundo la kwanza. Akafunga la pili, akalikaza.

"Baba Aida," alisema, "Jumamosi ijayo wewe usije."